Mtoto Akigombaniwa, Hakimu Anagawa Nini?



  



Katika kartie yetu ya Mapendo kuna kesi moja inayorudi kila mara mbele ya wazee. Mtoto amefiwa na baba, au wazazi wake wameachana, au vita vimewatawanya, na watu watatu au wanne wanakuja kumvuta. Baba mdogo anasema: huyu ni damu ya kwetu. Mama anasema: mimi ndiye niliyemzaa. Bibi aliyemlea miaka mitano hasemi mengi, amemshika mkono tu. Kisha wazee wanaulizwa: mtoto huyu ni wa nani?

Hakimu anayejua kazi yake, awe kadhi au jaji wa tribunali, swali hilo analiweka pembeni. Yeye anauliza mtoto atalala wapi, nani ataamua mambo yake ya shule na ya matibabu, nani atatoa matumizi, na nani ataangalia kama hayo yote yanafanyika kweli. Majibu yanaweza kuwa watu wanne tofauti. Familia zetu zinagombana kana kwamba anayepata mtoto anapata vyote na anayemkosa anakosa vyote. Sheria ya dini haikusema hivyo, na sheria ya nchi pia haikusema hivyo.

Tuanze na kesi ambayo kila mwanafunzi wa madrasa anapaswa kuijua. Hamza, ammi yake Mtume (s.a.w.), aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria, akaacha binti mdogo huko Makka. Mwaka wa 7, Mtume alipokuwa anaondoka Makka baada ya umra, binti yule aliwafuata Waislamu akiita. Ali alimchukua. Mara wakatokea watu watatu wanaodai kumlea. Ali alisema yeye ndiye aliyemchukua, na ni binti wa ammi yake. Ja'far alisema naye ni binti wa ammi yake, na zaidi ya hapo mke wake ni khalati wa mtoto, yaani mama mdogo wake. Zayd alisema ni binti wa ndugu yake, kwa sababu Mtume alikuwa amemfungia udugu na Hamza.

Tazameni, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwongo wala mtu mbaya. Wote watatu walikuwa na haki ya kusema. Mtume akahukumu mtoto akae kwa khalati wake, akaeleza kwamba khalati anasimama mahali pa mama. Hakuangalia nani mwenye nguvu, wala nani aliyefika kwanza. Aliangalia ni nyumba gani mtoto huyu atapata kitu kinachokaribiana na kile alichopoteza. Na wale ambao hawakupewa mtoto hakuwafukuza kama wezi: kila mmoja alimwambia neno zuri la kumpa heshima. Jambo hili la mwisho wazee wetu wanalisahau sana. Mara nyingi anayeshindwa anatoka amevunjiwa heshima mbele ya watu, na kesho yake anarudi kumvizia mtoto njiani akitoka shule.

Kutokana na hukumu kama hizo, wanavyuoni walitenganisha mambo matatu. La kwanza ni hadhana, yaani ulezi wa kila siku: kulisha, kuosha, kulaza, kuuguza. La pili ni wilaya, yaani usimamizi wa nafsi ya mtoto na mali yake. La tatu ni nafaka, yaani matumizi. Mama anaweza kuwa na hadhana, na nafaka ikabaki juu ya baba. Baba hawezi kusema: mtoto yuko kwako, basi mlishe mwenyewe. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imeweka matumizi ya mama anayenyonyesha juu ya baba, na imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Wengi wetu tunaisoma aya hiyo kwa ajili ya ile miaka miwili ya kunyonyesha, tukaishia hapo.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi. Kongo haina mahakama ya kadhi. Jirani zetu wa Kenya wanazo, zimeandikwa katika kifungu cha 170 cha Katiba yao ya 2010, kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda huko. Lakini hata Kenya, kifungu cha 53 cha Katiba hiyohiyo kimetanguliza maslahi ya mtoto katika kila jambo linalomhusu, na kikaweka jukumu la malezi juu ya baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sisi huku tuna sheria moja kwa watu wote, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Sheria hiyo ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Humo mtoto ambaye hajafika miaka 18 yuko chini ya mamlaka ya baba na mama kwa pamoja. Wazazi wakiachana mahakamani, jaji anaangalia faida ya watoto, na anaweza kumpa ulezi mama, au baba, au hata mtu wa tatu kama wazazi wote wawili hawafai. Lakini hata ulezi ukienda kwa mtu mwingine, baba na mama wanabaki na haki ya kuangalia malezi ya mtoto na kumtembelea, na wanabaki na wajibu wa kuchangia kila mmoja kwa uwezo wake. Unaona mgawanyo uleule tuliousema: mtoto analala kwa mmoja, na jukumu limebaki kwa wawili.

Baba akifa je? Hapa ndipo ugomvi wa Goma ulipo. Sheria ya 1987 iliandika kwamba mama anashika mamlaka ya mzazi pamoja na mtu mmoja wa familia ya baba, aliyechaguliwa na familia hiyo. Shikeni neno hilo: pamoja. Familia ya marehemu ilipewa kiti cha kukaa karibu na mama. Haikupewa ruhusa ya kuja na gari asubuhi, kupakia watoto, godoro na mabati, na kumwacha mjane mlangoni. Anayefanya hivyo akasema ni desturi, au mbaya zaidi akasema ni sharia, anazisingizia zote mbili.

Mlango wa pili ni sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto. Hii ndiyo iliyoleta mahakama za watoto, yaani tribunali ya watoto, yenye kazi mbili: watoto waliokosana na sheria, na mambo ya mtoto mwenyewe kama vile nasaba, uwezo wake wa kisheria na jamaa zake. Kesi inasikilizwa faraghani, si mbele ya umati. Sheria hiyo inataja watoto walio katika hali ngumu wanaostahili ulinzi wa pekee: aliyefukuzwa na familia, yatima asiye na mlezi, anayeteswa au kunyonywa, anayesingiziwa uchawi. Kwa hilo la uchawi, anayemsingizia mtoto anaweza kufungwa mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na kulipa faini. Katiba ya 2006 nayo, kifungu cha 41, imekataza kumtelekeza mtoto, kumtesa na kumwita mchawi. Tunaitaja kwa sababu katika mji huu mtoto wa mke aliyekufa anaweza kuitwa mchawi siku ileile mke mpya anapoanza kuugua.

Katika kesi kama hizi, jaji anatakiwa kupima mambo yaliyoandikwa: mahitaji ya mtoto ya roho, ya mapenzi na ya mwili, umri wake, afya yake, mazingira ya familia yake. Na mtoto mwenye kupambanua mambo ana haki ya kutoa maoni yake, yakapewa uzito kulingana na umri na akili yake. Mtu asidhani hili limetoka Ulaya. Abu Hurayra amepokea habari ya mtoto ambaye wazazi wake walimgombania, Mtume (s.a.w.) akamwambia mtoto ashike mkono wa amtakaye, naye akashika mkono wa mama yake. Wanavyuoni wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo yetu katika Afrika ya Mashariki, wamejenga juu ya hilo: mtoto akifika umri wa kupambanua, kama miaka saba hivi, anachagua kati ya baba na mama. Wahanafi na Wamaliki wana hesabu zao nyingine za umri.

Na kama mzazi mwenyewe ndiye hatari? Sheria ya Familia inaruhusu mahakama kumvua mzazi mamlaka yake, yote au sehemu yake, akiwa kwa mateso, kwa kutumia vibaya uwezo wake, kwa mwenendo mbaya unaojulikana au kwa uzembe mkubwa anahatarisha afya, usalama au tabia ya mtoto. Ni dawa kali, ndiyo maana imewekwa mkononi mwa jaji, si mkononi mwa baba mdogo wala wa shefu wa avenue. Na neno "sehemu" lina maana kubwa. Baba mlevi anayepiga anaweza kuzuiwa kukaa na mtoto bila kufutwa kuwa baba. Nasaba haikatwi na hukumu. Mtoto anabaki na jina lake na mirathi yake.

Ndugu zetu walio Ulaya wanatupigia simu wakilia kwamba serikali imewanyang'anya watoto. Wapo wanaoelewa vibaya yaliyowapata, na kutoelewa huko kunawaumiza zaidi. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya watoto ya 1989. Mahakama ikiona mtoto anapata madhara makubwa, inaweza kumweka chini ya ulezi wa halmashauri ya mji. Hapo halmashauri inapata jukumu la mzazi, na inaweza kuwawekea wazazi mipaka. Lakini wazazi hawakupoteza jukumu lao: wanashirikiana nalo na halmashauri, hata kama mkono wao umefungwa. Kinachokata kabisa ni amri ya kuasili mtoto. Na kabla ya kufika huko, shangazi au bibi anaweza kuomba apewe yeye ulezi maalum wa mtoto. Kwa hiyo simu hiyo ikija, msimwambie mtu akimbie na watoto. Mwambieni atafute avoka haraka, ahudhurie kila kikao, na ataje majina ya jamaa wanaoweza kulea. Anayekaa kimya kwa hasira, kesi inaendelea bila yeye.

Turudi nyumbani, kwa swali tunaloulizwa zaidi: mama akiolewa tena, je, mtoto anachukuliwa? Ni kweli, katika hadithi aliyoipokea Abdullah bin Amr, Mtume (s.a.w.) alimwambia mwanamke aliyeachwa kwamba yeye ana haki zaidi ya mtoto wake maadamu hajaolewa. Wanavyuoni wengi wameishika. Lakini wanaume wanaikata hadithi katikati na kuruka moja kwa moja kwa baba mdogo. Ulezi ukimtoka mama, kwa Mashafi anayefuata ni bibi mzaa mama. Na kama mume mpya ni maharimu wa mtoto, kuna wanavyuoni wanaosema haki ya mama haianguki. Upande wa sheria ya Kongo, kuolewa kwa mama ni jambo moja kati ya mengi ambayo jaji anayapima.

Na kuhusu bibi, kumbukeni yaliyompata Umar bin Khattab. Alikuwa amemwacha mke wake wa Kiansari, aliyezaa naye mtoto, Asim. Siku moja alifika Quba, akamwona Asim akicheza kwenye uwanja wa msikiti, akamchukua na kumpakia mbele yake juu ya mnyama. Bibi wa mtoto akamfuata, wakabishana mpaka kwa khalifa, Abu Bakr. Fikirieni: upande mmoja Umar, baba halisi wa mtoto, mtu ambaye watu walimwogopa. Upande wa pili mwanamke mzee. Abu Bakr akamwamuru Umar amwachie bibi mtoto wake. Na imepokewa kwamba Umar hakurudisha hata neno. Leo nani kati yetu akiambiwa hivyo na wazee wa msikiti atanyamaza?

Mali ya yatima ni somo peke yake, Inshaallah tutalitenga siku yake. Kwa leo inatosha kusema kwamba anayeshika mtoto si lazima awe ndiye anayeshika kiwanja. Jaji mwenye busara anavitenganisha, na wazee wafanye hivyohivyo, kwa sababu mara nyingi mtoto anayegombaniwa kwa machozi ana parseli nyuma yake. Ukitaka kujua nani anampenda mtoto, toa parseli katika mazungumzo, kisha hesabu waliobaki kwenye mkeka.

Ndugu zangu, haya yote yanategemea mahakama iwepo. Sisi wa Goma tunajua haipo siku zote. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao na wengine zaidi ya 170 wanahofiwa kupotea. Siku tano baada ya mlipuko, kartie kumi za mji ziliamriwa kuhama, Mapendo ikiwemo, na wengi wakashika njia ya Sake. Wengine waliokota watoto wa watu njiani. Kisha mwisho wa Januari 2025 mji ukachukuliwa na M23, mahakama za serikali ya Kinshasa zikasimama kazi hapa, na mwezi uliofuata kambi za wakimbizi pembeni mwa mji zikavunjwa. Watoto wengi waliingia majumbani mwa watu bila karatasi yoyote.

Aliyemwokota mtoto amefanya jambo kubwa, lakini mtoto wa kuokotwa hajawa wake. Nasaba yake inatafutwa kwanza, kwa Msalaba Mwekundu, kwa shefu wa kartie, kwa matangazo misikitini na makanisani. Asibadilishwe jina, kwa sababu Qur'ani, sura ya Al-Ahzab aya ya 5, imeamuru watoto waitwe kwa baba zao. Kumlea bila kumbadilisha nasaba ndiyo kafala, na hata Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia 1990, umeitaja kafala kwa jina lake katika kifungu cha 20. Kwa hiyo Mwislamu anayelea hivyo yumo ndani ya dini yake na ndani ya sheria.

Wazee wa msikiti nao wajue mpaka wao. Tunaweza kusuluhisha, hatuwezi kumvua mtu ubaba au umama. Mtoto akiwa anapigwa au ananajisiwa, hiyo si kesi ya mkeka. Sulhu hapo ni kumrudisha kwa anayemdhuru. Anatolewa hatarini kwanza, anapelekwa kwa daktari, na karatasi ya daktari inatunzwa. Kwa kesi nyingine, mapatano yaandikwe: mtoto anakaa kwa nani, nani anatoa kiasi gani kila mwezi, nani anamtembelea na siku gani, nani anaamua shule, na nani wa familia ya pili anaangalia. Yawekwe tarehe, sahihi za pande zote na za mashahidi, kila upande ubaki na nakala. Hiyo haitakuwa hukumu, lakini siku jaji akiwepo ataona mtoto alikuwa wapi, kwa nani, na kwa makubaliano gani. Kama kuna hukumu ya zamani ya tribunali, iliyotolewa kabla ya 2025, usiiache iliwe na panya: tengeneza kopi, moja ikae kwa ndugu nje ya mji.

Na hati ya kuzaliwa. Sheria ya 2009 imetaka kila mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Katika ugomvi wa mtoto, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kuombwa, kwa kuwa ndiyo inayosema baba ni nani, mama ni nani, na umri ni upi. Aliyeipoteza kwenye volkano au kwenye vita akusanye alichonacho: kadi ya chanjo, karatasi ya hospitali alikozaliwa, bulletini ya shule, majina ya mashahidi waliohudhuria akika. Aviweke pamoja ndani ya plastiki, na amwambie mtu mmoja anayemwamini vilipo.